Bendera ya Kuazima: Mombasa, Maskati na Waingereza

Mwanzoni mwa Desemba 1823 manowari ya Kiingereza iitwayo Barracouta ilitia nanga Mombasa. Nahodha wake, Vidal, alikuwa katika kazi ya kupima pwani na kuchora ramani za bahari, wala hakutumwa na serikali yake kufunga mkataba na mtu yeyote. Wakubwa wa mji, ukoo wa Mazrui, walimwendea na ombi moja: awape bendera ya Uingereza waipandishe juu ya Ngome, yaani Fort Jesus, ili vyombo vya Sayyid Said, mtawala wa Oman huko Maskati, visithubutu kuwapiga. Vidal akakataa, akasema hana amri hiyo, akaondoka. Wamombasa hawakungoja zaidi. Walitafuta vitambaa, wakashona wenyewe bendera ya Kiingereza, wakaitundika. Tarehe 7 Februari 1824, mkubwa wa Vidal, Kapteni William Owen, alipowasili na manowari Leven, aliikuta inapepea juu ya Fort Jesus, na huku vyombo vya Oman vimeuzingira mji.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Mimi naona ni uamuzi wa watu wazima waliokuwa na hesabu kichwani, na hesabu ile inastahili kukaguliwa tarakimu kwa tarakimu. Maana swali walilojiuliza ndilo linaloulizwa hadi leo na kila nchi ndogo inayolala mlango mmoja na jirani mwenye nguvu: je, nimwite mgeni wa mbali anilinde, hata kama jirani atakasirika? Pwani yetu imelijibu swali hilo zaidi ya mara moja, na jibu la Mombasa kati ya 1823 na 1837 ndilo lililoacha kumbukumbu nyingi zaidi.

Waliotangulia kulijibu ni Malindi. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipopita Mombasa na kupokewa kwa uhasama, Malindi ilimkaribisha. Mfalme wa Malindi hakuwa amependezwa tu na ugeni. Alikuwa anamtazama jirani yake wa kusini, Mombasa, mji mkubwa kuliko wake, na aliona katika mizinga ya Wareno njia ya kuusawazisha mzani. Kwa karibu karne nzima hesabu ile ilionekana sahihi. Mombasa ilichomwa na Wareno mara kadhaa, na katika miaka ya 1590, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, mfalme wa Malindi alihamishiwa Mombasa na kupewa enzi ya mji ule aliouogopa. Ni nadra mshirika mdogo kulipwa kwa ukamilifu namna hiyo.

Lakini tazama kilichofuata. Makapteni wa Kireno ndani ya Ngome walianza kugombana na Sultani Hasan bin Ahmad, wa nasaba ile ya Malindi, juu ya mapato na heshima. Sultani akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko Rabai na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Mwanawe, Yusuf, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Agosti 1631 alimuua kapteni wa Ngome, akarudi katika Uislamu, na Wareno wa mji wakauawa pamoja na kapteni huyo. Ushirika ulioanza kwa zawadi na makaribisho uliishia katika damu ya pande zote mbili. Mshirika wa mbali alikuwa amekwisha kuwa jirani wa karibu, tena jirani aishiye ndani ya nyumba.

Mazrui waliijua historia hii, kwa sababu walikuwa wanakaa ndani ya Ngome ile ile. Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na katika karne iliyofuata maimamu wa Yarubi wakawaweka Mazrui kuwa maliwali wa Mombasa. Nasaba ya Yarubi ilipoanguka na Ahmad bin Said wa Albusaidi kushika uimamu katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman Mazrui alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa ya kawaida katika siasa: aliyenituma ameondoka, na huyu mpya ni mtu kama mimi. Aliuawa na watu wa imamu mwaka 1746. Ndugu yake Ali akaponyoka Ngomeni, akarudi na wazee wa Mombasa, akaikomboa, na tarikh (historia iliyoandikwa) ya Mombasa yenyewe inamtaja mfanyabiashara Mwingereza aliyewasaidia. Kwa hiyo wazo la kumtumia Mzungu dhidi ya Oman halikuzuka 1823. Lilikuwa limekaa katika kumbukumbu ya ukoo kwa miaka sabini na zaidi.

Kwa nini wakati ule basi, na si mapema? Kwa sababu Mombasa ilikuwa imevunjika mkono. Mwaka 1812 au 1813 jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa vibaya Shela na watu wa Lamu. Lamu, nayo ikiogopa kisasi, ilifanya lile lile ambalo Mombasa ingekuja kulifanya: ilimwita mlinzi wa nje, na mlinzi yule alikuwa Sayyid Said. Akaleta liwali na askari, na ngome ya Lamu ikajengwa. Hatua moja ya mnyonge ikamleta mwenye nguvu hadi ukingoni mwa mnyonge mwingine. Huko Mombasa, liwali mpya Abdallah bin Ahmad alimjibu Said kwa dharau. Badala ya kodi alimpelekea, kwa mujibu wa tarikh, deraya, kibaba cha kupimia, na baruti na risasi kidogo. Mji mzima ulielewa maana ya zawadi ile, na malenga wa mji, Muyaka bin Haji, alisimama na Mazrui kwa ushairi wake katika miaka yote ile ya vita. Kiburi kile kilikuwa na utamu wake. Hakikuwa na manowari nyuma yake.

Said alijibu kwa utulivu. Mwaka 1822 na 1823 watu wake waliiteka Pate, Barawa ikamkubali, na Pemba ikaondoka mikononi mwa Mazrui. Hapo ndipo uzito wote wa jambo ulipo. Pemba ilikuwa ghala la chakula la Mombasa. Mchele na nafaka za kisiwa kile ndizo zilizokuwa zikiwalisha askari na kulipia urafiki wa Mijikenda. Mubarak bin Ahmad alipelekwa kuikomboa, akashindwa. Mji wenye ngome isiyovunjika lakini usio na shamba hauna siku nyingi, na Mazrui hawakuhitaji kuambiwa.

Kwanza waliandika Bombay, makao ya serikali ya Kiingereza upande wa magharibi wa India, kuomba ulinzi. Bombay ikakataa, na sababu zake ndizo ufunguo wa kisa kizima. Maskati na Waingereza walikuwa wamefunga mkataba tangu 1798, wakati Wafaransa wa Napoleon walipokuwa Misri na kila bandari ya njia ya India ikahesabiwa. Mwaka 1819 Said alipeleka vyombo vyake kusaidia jeshi la Kiingereza lililoivunja Ras al-Khaimah. Septemba 1822, miezi michache tu kabla ya barua ya Mazrui, alitia saini mkataba wa Moresby, akakubali kuzuia raia zake kuuza watumwa kwa mataifa ya Kikristo, jambo lililomgharimu mapato na kumkosanisha na baadhi ya watu wake. Gavana wa Bombay, Mountstuart Elphinstone, alikuwa na mtu anayemhitaji katika Ghuba, na mtu huyo alikuwa adui wa waombaji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba Mombasa ilishindwa kwa sababu Oman ilipinga. Majirani wenye nguvu hupinga daima. Hilo ni kama upepo wa kaskazi, huja kwa msimu wake. Pingamizi la Said lilikuwa na meno kwa sababu lilipitia katika masikio ya mshirika yule yule aliyeombwa. Maskati ya Said ilikuwa imetangulia kwenye foleni kwa miaka ishirini na mitano. Alikuwa na mikataba, alikuwa na fadhila za vita, na alikuwa amelipa kwa jambo ambalo Waingereza walilijali. Mombasa ilileta nini? Ngome, bandari, na shida zake.

Bandari, hata hivyo, haikuwa kitu kidogo. Kilindini ndilo jambo ambalo Owen aliliona kwa jicho la mpimaji bahari, na aliisifu bandari ya Mombasa kuwa miongoni mwa zilizo bora kabisa duniani. Siku hizo majahazi yalitia nanga upande wa Mji wa Kale, chini ya Ngome, na Liwatoni, upande wa Kilindini, palikuwa pembezoni mwa makazi ya kale ya Wakilindini, karibu na nguzo ya Mbaraki. Leo ukisimama Liwatoni, penye wavuvi wanaopakua samaki, unaona meli za makontena zinapita mbele yako kuingia ndani, kambi ya wanamaji ya Mtongwe iko ng'ambo, na mkono wa bahari unaoingia bara unaitwa Port Reitz. Reitz alikuwa luteni kijana wa Owen. Nyumba ya Leven na ngazi zake ziko Mji wa Kale hadi leo. Ulinzi ambao Owen aliutoa ulidumu miaka miwili na nusu tu, lakini majina yake yamebaki kwenye ramani kwa karne mbili, hata uwanja wa ndege wa Mombasa kwa muda mrefu ulijulikana kwa jina la Port Reitz.

Owen alikubali pale Vidal alipokataa, na tabia yake ina sehemu kubwa. Alikuwa mtu wa dini aliyeichukia biashara ya utumwa kwa dhati, na aliamini Mungu amemweka mahali pa kuipiga. Alikuwa amepitia Maskati wiki chache kabla na kumwambia Said waziwazi kwamba Mombasa wakiomba bendera atawapa. Siku mbili baada ya kufika, mkataba ukawa tayari. Uingereza itawarudishia Mazrui milki zao za zamani, Pemba ikiwemo, na pwani ya kuanzia Malindi hadi Pangani. Uliwali utabaki katika ukoo wa Mazrui, mtoto kurithi baba. Wakala Mwingereza atakaa na liwali. Ushuru wa forodha utagawanywa nusu kwa nusu. Waingereza wataruhusiwa kufanya biashara bara. Na biashara ya utumwa itakoma Mombasa.

Soma masharti yale tena, na utaona kila upande ulikuwa unafunga mkataba mwingine. Mazrui walifunga mkataba wa Pemba. Owen alifunga mkataba wa utumwa. Serikali ya Uingereza, ambayo jina lake ndilo lililoandikwa juu, haikufunga chochote, kwa sababu haikuulizwa. Afisa wa kupima bahari alikuwa ameahidi kwa niaba ya ufalme kwamba utapigania mashamba ya mchele ya ukoo mmoja dhidi ya rafiki yake wa Ghuba. Liwali wa wakati huo, Sulaiman bin Ali, mzee aliyekwisha kuchoka, hakuwa na njia ya kujua mamlaka ya nahodha yanaishia wapi. Lakini Bombay ilikuwa imekwisha kuwakatalia kwa maandishi, na nahodha wa kwanza alikuwa amewakatalia kwa mdomo. Jibu la tatu lilipokuja tofauti, walilishika lile walilolitaka. Kosa hilo ni la kibinadamu, na mataifa makubwa kuliko Mombasa yamelifanya.

Sharti la utumwa linahitaji neno lake. Ni rahisi kwetu sisi wa pwani kuwahurumia Mazrui kwa kuwekewa sharti zito na mgeni. Sharti lile lilikuwa la haki. Waliokuwa wakipitishwa forodhani kama bidhaa walikuwa watu, wengi wao kutoka bara letu wenyewe na Nyasa, na uhuru wa mji ambao unalipiwa kwa shingo zao ni uhuru wa wachache. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa katika baraza lile la Februari 1824. Mkataba uliowahusu zaidi kuliko wengine wote ulitiwa saini na watu waliokuwa wakiwauza na mtu aliyetaka kuwaokoa, na ulipovunjika, wao ndio waliorudi sokoni.

Ulinzi wenyewe ulikuwa na sura gani? Owen alimwacha Reitz, kijana wa miaka ishirini na kitu, pamoja na msaidizi wake Phillips, koplo mmoja na mabaharia watatu. Watu sita. Bendera juu, na chini yake vijana sita waliokuwa hawajui homa ya pwani. Ilitosha kwa siku za kwanza: kamanda wa Oman aliondoa vyombo vyake, kuzingirwa kukaisha, na mji ukapumua. Nguvu ya bendera ile ilikuwa katika kile ambacho adui alidhani kiko nyuma yake. Reitz alikwenda Pangani kutazama mipaka ya milki aliyokabidhiwa, akashikwa na homa, akafa mwishoni mwa Mei. Baadaye mwaka huo akaja Luteni James Emery, aliyekaa hadi mwisho na kuandika kumbukumbu za siku zake.

Pemba ndiyo iliyoharibu mambo mapema. Owen alimchukua Mubarak kwenye meli yake, wakaenda Pemba kudai kisiwa, na mtu wa Said akasema hatoki. Owen hakupiga mzinga. Hakuwa na amri ya kupiga, na pengine hapo ndipo alipoanza kuuona ukubwa wa ahadi yake. Wakaenda Mauritius, ambako gavana Lowry Cole alimpokea mjumbe wa Mombasa kwa adabu, akakataa kuthibitisha mkataba, na kupeleka karatasi London. Tangu siku ile Mazrui walikuwa wanalipa bei ya bidhaa ambayo haijafika. Nusu ya forodha ilikuwa inatoka. Biashara ya watumwa ilikuwa inabanwa, na vyombo vilivyojaribu kuipitisha kwa siri vilikamatwa na mateka kuachiwa. Pemba ilikuwa bado ya Said. Emery na Mazrui wakawa wanagombana pale forodhani juu ya nani anahesabu mizigo na nani anashika fedha, ugomvi wa kila siku, wa sauti za juu, ambao haumo katika mkataba wowote lakini ndio maisha ya ulinzi wa kigeni mahali popote.

London ilichukua muda mrefu kujibu, lakini ilijibu. Said alikuwa ameandika kulalamika, Bombay ilikuwa imemuunga mkono, na serikali haikuona sababu ya kumpoteza mshirika aliyejaribiwa kwa ajili ya mji uliojileta. Julai 1826 manowari Helicon ilikuja kuwachukua Emery na watu wake. Bendera ikashuka. Kufikia hapo wenyeji wengi hawakusikitika.

Tuseme wazi hali waliyoachwa nayo. Kabla ya 1824 Mombasa ilikuwa jimbo korofi ambalo Said angelishughulikia kwa nafasi yake. Baada ya 1826 ilikuwa jimbo lililomwaibisha mbele ya Waingereza, na alikuwa amepata jibu la swali ambalo kila mshambuliaji hulitaka kabla ya kushambulia: hakuna atakayekuja. Kuomba ulinzi kwa sauti ya kusikika Maskati, kisha kuukosa, ni hali mbaya kuliko kutoomba kabisa. Naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Hatari kubwa iko katika kile kipindi cha katikati, baada ya jirani kujua umeomba na kabla ya mlinzi kujifunga. Georgia iliahidiwa katika mkutano wa NATO wa Bucharest, Aprili 2008, kwamba siku moja itakuwa mwanachama, bila tarehe na bila ulinzi. Agosti mwaka huo ikavamiwa na Urusi. Finland, kwa upande wake, iliomba Mei 2022 wakati jeshi la jirani lilikuwa limekwama Ukraine, na ikaingia Aprili 2023. Ilikipunguza kile kipindi cha hatari hadi chini ya mwaka mmoja, na ilikuwa na jeshi lake zito tangu zamani. Mombasa ilikaa katika kipindi kile kwa miaka miwili na nusu na vijana sita.

Said alikuja mwenyewe Januari 1828 na merikebu Liverpool ya mizinga sabini na minne. Salim bin Ahmad, aliyekuwa ameshika uliwali, alipatana naye: Mazrui wabaki kutawala, askari wachache wa Oman wakae Ngomeni. Simulizi za mji zinasema Said aliingiza askari zaidi ya waliokubaliwa. Alipoondoka tu, Wamombasa waliwazingira askari wale kwa njaa hadi wakatoka. Said akarudi mwishoni mwa 1829, akashindwa. Akarudi tena 1833, akashindwa.

Miaka ile haitajwi vya kutosha. Mji ambao miaka michache kabla ulidhani hauwezi kuishi bila bendera ya mgeni ulimrudisha mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa Bahari ya Hindi magharibi, bila msaada wa mgeni. Uliwezaje? Kwa kuta za Ngome, ndiyo, lakini kuta hazipigani. Walipigana Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, wenyeji wa asili wa mji, na Mijikenda waliofungamana nao kwa mikataba ya zamani kuliko ya Owen, kila taifa likiwa na wenzake wa bara. Ule ndio uliokuwa muungano halisi wa Mombasa. Haukuandikwa kwa Kiingereza, haukuhitaji kuthibitishwa London, na ulikuwa umejaribiwa.

Na ndio uliovunjika. Salim alikufa 1835, Mazrui wakagombea uliwali wao kwa wao, na katika ugomvi ule wakawapuuza wazee. Kati ya waliomwandikia Said aje walikuwemo wakubwa wa Thelatha Taifa, watu wa Kilindini, wa upande ule ule wa Liwatoni. Mwaka 1837 Said akaingia bila vita ya kutajika. Rashid bin Salim akajisalimisha kwa ahadi, na muda si mrefu wakubwa wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa ng'ambo, Bandar Abbas, ambako walifia. Waliobaki wakahamia Takaungu na Gazi.

Ukiuliza basi ni nini kilichowaangusha, jibu langu liko katika mkataba wenyewe wa 1824, sharti la pili: uliwali uwe wa ukoo wa Mazrui kizazi kwa kizazi. Wazee wa Thenashara Taifa hawakupewa mahali katika maandishi yale. Ukoo ulimwomba mgeni auhakikishie cheo ambacho hapo awali ulikishikilia kwa ridhaa ya mji. Mtawala anayepata dhamana nje huacha kuitafuta ndani. Dhamana ile ilipoyeyuka, tabia ilibaki, na miaka kumi na moja baadaye wenye mji wakafungua mlango.

Witu walirudia hesabu ile kwa mshirika mwingine. Ahmed Simba, mkimbizi wa ufalme wa Pate aliyejijengea mji msituni bara ya Lamu, alikuwa akisakamwa na Zanzibar. Mwaka 1885 alijiweka chini ya Ujerumani kupitia ndugu wawili Denhardt. Miaka mitano tu: Julai 1890 Berlin ikaitoa Witu kwa Waingereza katika mapatano yaliyoipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, mwamba wa Bahari ya Kaskazini ambao hakuna mtu wa Witu aliyewahi kuusikia. Oktoba mwaka huo, baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa Witu, jeshi la Kiingereza likauchoma mji. Huko hata hasira ya jirani haikuhitajika. Wakubwa wa mbali walipatana wenyewe.

Na Said, mshindi? Yeye naye alijenga enzi yake juu ya urafiki na mataifa ya Magharibi. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa biashara na Marekani, 1839 na Uingereza, na tangu 1841 akawa na Konsuli Hamerton pembeni yake Zanzibar. Ile Liverpool iliyokuja kuipiga Mombasa aliitoa zawadi kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Alikuwa mshirika bora kuliko Mazrui kwa kila kipimo: mvumilivu, mkarimu, mwepesi wa kutimiza. Wanawe walirithi urafiki ule, na kila mkono uliopeanwa ulikaza zaidi. Mwaka 1861 Waingereza waliamua nani atawale Oman na nani Zanzibar. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wao. Mwaka 1895 pwani hii ya maili kumi ikaingia mikononi mwao kwa kodi ya mwaka, bendera nyekundu ya Sultani ikiachwa juu ya Ngome kama kumbukumbu. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mtoto wa yule Rashid aliyefia uhamishoni, aliingia msituni kupigana na Waingereza, hadi Aprili 1896 alipovuka mpaka na kujitia mikononi mwa Wajerumani. Babu zake walishona bendera ile kwa mikono yao. Yeye aliipiga risasi.

Kenya ya leo haina jirani wa namna ya Said mlangoni, lakini ina wakubwa wawili wanaotazamana juu ya kichwa chake. Mwaka 1980 iliwafungulia Wamarekani matumizi ya bandari ya Mombasa na viwanja vyake vya ndege. Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Wakati huohuo daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililofunguliwa Januari 2021 kutoka Liwatoni hadi Likoni, lilijengwa na kampuni ya China, na reli mpya ya kwenda Nairobi ni ya mkopo na ujenzi wa China. Mwaka 2025 Jim Risch, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje ya Seneti ya Marekani, alitaka hadhi ile ya Kenya ipitiwe upya kwa sababu ya ukaribu wake na China. Hadhi yenyewe haina ahadi ya ulinzi. Inatoa nafasi ya kununua silaha na kufanya mazoezi, na rais wa Marekani aliitoa kwa saini, na mrithi wake anaweza kuiondoa kwa saini.

Tofauti moja na 1824 ipo, nayo ni kubwa. Sheria ya mikataba ya mwaka 2012 inataka mikataba ya nchi ipelekwe Bungeni, na wananchi washirikishwe. Mwaka 2024 kamati ya Bunge ya ulinzi ilikaa Nanyuki kuwasikiliza wakazi juu ya mwenendo wa wanajeshi wa Kiingereza wanaofanya mazoezi huko, na watu walisema mbele ya kamati yale waliyokuwa wakiyasema pembeni kwa miaka: mioto ya nyikani, mabomu yaliyoachwa, watoto waliozaliwa na kutelekezwa, mauaji yasiyopata kesi. Hadhi ya Juni 2024 haikupita njia hiyo, kwa sababu imetolewa kwa sheria ya Marekani na si kwa mkataba. Wabunge wa pwani wana haki ya kuuliza meli za nani zitaingia Kilindini kwa hadhi hiyo, kwa masharti gani, na wavuvi wa Liwatoni watapisha wapi, na wana haki ya kujibiwa kwa maandishi kabla meli hizo hazijafika.